Tosti ya jibini bila tanuri: samli, achari na moto mdogo

Anayetaka tosti nzuri ya jibini aanze kwa kupunguza moto. Mkate huchukua rangi upesi kuliko jibini linavyoyeyuka, kwa hivyo moto mkali utakupa kipande cheusi nje, na ukikivunja utakuta jibini ndani bado ni bamba zima, la baridi. Hapa Mombasa mikono yetu imezoea moto wa chapati; kikaango kisipofuka moshi twaona jiko limezimika. Kwa kazi hii mazoea hayo yaweke kando. Moto uwe mdogo, miali isipande kandokando ya chombo, nawe uwe na subira ya dakika nane hadi kumi kwa kipande kimoja.

Mimi naishi Kibokoni. Jikoni kwangu mna jiko la gesi la meko mawili, seredani ya uani, chuma cha chapati na kikaango kizito chenye kifuniko. Tanuri sina, wala mashine ya tosti ya umeme, na kila nitakachoeleza hapa kinapikika kwa vyombo hivyo. Walaji wangu ni watoto wa kaka zangu, ambao wakitoka chuoni jioni hupitia kwangu kabla ya Magharibi wakiwa na njaa ya kweli. Nimewapikia tosti za mboga, za samaki, za mabaki ya kila namna, na imani yangu imekuwa moja: jibini ni mafuta na chumvi, na kinacholikamilisha ni kitu kikali chenye uchachu. Wazungu hutumia matango ya siki na haradali. Sisi tuna achari ya ndimu, achari ya embe, ukwaju na kachumbari, tena nyumba nyingi za huku hazikosi chupa ya achari iliyoanikwa juani.

Jibini lenyewe

Jibini linaloyeyuka vizuri ni lile lililogandishwa kwa kimeng'enya cha reneti na ambalo halijazeeka sana: cheddar isiyo kali, gouda changa, mozzarella kavu ya kifurushi (ile inayouzwa ndani ya maji hutoa maji mengi mno kikaangoni). Ndani ya jibini hilo protini za maziwa zimeshikana kwa msaada wa kalisi, madini yaliyomo ndani ya maziwa, na joto likilifikia, mshiko hulegea, protini zikateleza na kuvutika. Lililokaa miezi mingi lina ladha kubwa zaidi, lakini protini zake zimekatikakatika kwa kukaa, hivyo kwa moto wa ghafla huvuja mafuta na kubakisha punje. Mimi huchanganya mafungu mawili ya cheddar kwa moja la mozzarella, cheddar kwa ladha na mozzarella kwa kuvutika. Tosti moja inataka gramu 50 hadi 60 kwa jumla. Ukishaparuza, hiyo ni konzi moja iliyojaa.

Nunua bonge uliparuze mwenyewe kwa kiparuzo cha karoti. Lile linalouzwa limeshaparuzwa hutiwa wanga ili nyuzi zisigandane, na wanga huo hulifanya lisiyeyuke laini. Lile jingine la vipande vilivyofungwa kimoja kimoja kwa plastiki, ambalo watu hulidharau, mimi silidharau. Limetiwa chumvi maalumu zinazoshikanisha maji na mafuta, ndiyo sababu huyeyuka laini bila kuvuja, na kipande chake kimoja kikiwekwa pamoja na cheddar kali husaidia kuizuia isitoe mafuta.

Panir ya maduka ya Wahindi ni tamu, ila usikae ukiingojea iyeyuke. Maziwa yake hugandishwa yakiwa ya moto kwa ndimu au siki, na protini hufungamana kwa namna ambayo joto haliwezi kuzilegeza tena. Ikate vipande vyembamba, ikaange na bizari na chumvi mpaka ipate rangi, halafu iweke ndani ya tosti pamoja na jibini jingine la kuyeyuka. Hapo utafurahi nayo.

Jibini letu kwa kawaida hutoka bara, Limuru na Nakuru na kwengineko kwenye ng'ombe wa maziwa, na baridi linalolisindikiza njiani huishia kwenye friji ya duka. Kutoka hapo ni juu yako. Lichukue mwisho baada ya kumaliza mahitaji mengine yote, na kama una safari ya kuvuka feri kwenda Likoni, tia kikapuni chupa ya maji iliyogandishwa, ulilaze kando yake. Nyumbani lifunge kwa karatasi ya kuokea, kisha ulitie ndani ya mkebe wenye kifuniko. Likibanwa na plastiki peke yake hutoka jasho, na kwa unyevu wa pwani ukungu haukawii. Bonge gumu la cheddar likiota ukungu, kata kiasi cha sentimita 2.5 kuzunguka na chini ya doa, linalobaki litumie. Jibini laini au lililoparuzwa likiota ukungu, litupe lote.

Mkate na samli

Boflo ya jana inashinda ya leo. Ya leo ina majimaji, huminyika ukigeuza na hukataa kukauka. Nunua isiyokatwa, uikate mwenyewe slesi za unene wa sentimita moja na nusu, maana zile nyembamba huiva kabla jibini halijaanza kulegea.

Kwa mafuta natumia samli, na kwa hili nasimama imara. Siagi ina maji, kama asilimia 16 hivi, na ina chembe za maziwa ambazo ndizo zinazogeuka nyeusi kikaangoni. Samli imeshapikwa ikatolewa vyote viwili, kwa hivyo hustahimili joto bila kuungua na huacha harufu nzuri kwenye mkate. Ipake kwenye mkate wenyewe, upande utakaokuwa nje, ufike hadi kingoni. Ukiimimina kikaangoni, mkate utainywa mahali pamoja na kukauka pengine. Mayonezi nayo hufaa kupaka nje, hutoa rangi sawasawa; mimi huiwekea tosti ya samaki.

Kupika

Weka kikaango kwenye moto mdogo. Laza slesi ya kwanza, samli ikiwa chini. Tandaza nusu ya jibini, juu yake kile ulichokusudia kukitia ndani, kisha nusu ya pili ya jibini, umalizie na slesi nyingine samli ikiwa juu. Jibini lazima liguse mikate yote miwili, kwani ndilo linaloishikanisha, na ndilo linalozuia maji ya tungule yasiloweshe mkate. Tungule zenyewe zikate nyembamba, zinyunyizie chumvi, ziache robo saa zichuje maji.

Sasa funika. Chini ya kifuniko joto huzunguka hadi juu, na jibini huanza kulegea kabla hujageuza. Mpwa wangu mdogo husimama kando yangu hapo bila utulivu.

“Shangazi, mbona hugeuzi?”

“Sikiza kwanza, mwanangu.”

Na kweli ni jambo la kusikiza. Samli ikiwa inaimba taratibu, mfululizo, moto uko sawa. Ikirukaruka na kupasuka, punguza. Ikinyamaza kabisa, mkate unanyonya mafuta bila kukaangika, ongeza kidogo. Baada ya dakika nne au tano inua ukingo kwa mwiko uchungulie: unatafuta rangi ya hudhurungi iliyoenea hadi pembeni, isiwe na viraka. Geuza. Upande wa pili usifunike, kwa sababu mvuke utalegeza ukoko ulioupata.

Ukiitoa usiilaze kwenye sahani bapa. Kwa unyevu wetu upande wa chini hulowa mara moja. Ikiwa ni mbili ziegemeze kama paa la makuti, ikiwa ni moja iweke juu ya wavu, ungojee dakika moja kabla hujakata. Jibini lililotoka motoni sasa hivi hukimbilia ubao wote. Likipoa kidogo hushika.

Ukitaka ukoko wenye jibini nje pia, inua tosti iliyokwisha kuiva, nyunyiza konzi ndogo ya cheddar moja kwa moja kikaangoni, laza tosti juu yake uiache dakika mbili bila kuigusa. Jibini litayeyuka, litatoa povu, kisha litakauka na kugandamana na mkate. Litaachia kikaango lenyewe likishakuwa tayari. Ukilazimisha mapema litachanika. Watoto hugombania kingo hizo.

Seredani, moto chini na moto juu

Tosti ya wazi, slesi moja isiyofunikwa na nyingine, inahitaji joto kutoka juu. Wenye tanuri huwasha moto wa juu. Sisi tuna kupalia, njia ambayo mabibi zetu wamepikia mkate wa kumimina miaka na miaka: makaa chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko. Ni njia bora kabisa kwa jibini, na nasikitika kuona seredani nyingi zimegeuzwa vyungu vya maua.

Fanya uani au barazani, kamwe usiingize seredani chumba kilichofungwa, maana moshi usioonekana wa makaa huua. Washa makaa uyaache mpaka yavae jivu jeupe. Chukua sufuria nzito ya chini bapa na kifuniko cha bati kisichopinda. Kwanza kausha slesi upande mmoja kwenye chuma cha chapati, kisha geuza. Upande uliokauka ndio utakaobeba jibini, usilowe. Changanya jibini lililoparuzwa na kitunguu maji kilichokatwa chembe ndogo, pilipili mbichi moja, kotimiri na pilipili manga. (Mchanganyiko huu wa jibini na pilipili juu ya mkate unajulikana sana India, na hapa kwetu umefika nyumbani.) Rundika juu ya slesi, panga sufuriani, hakikisha kati ya jibini na kifuniko pana nafasi ya vidole viwili.

Toa makaa mengi chini, ubakishe tabaka jembamba. Mengi yaende juu ya kifuniko, yasambazwe sawasawa hadi pembeni. Kosa la wengi huwa hapa, huacha moto mkubwa chini kama wanaopika wali, mkate ukaungua jibini likiwa bado halijashtuka. Dakika ya tatu funua kwa koleo. Inua kifuniko wima kwanza, juu kabisa, ndipo ukisogeze kando. Ukikiinamisha juu ya sufuria, jivu lote litashukia kwenye jibini. Ukiona jibini linatokota kwa povu dogo na vilele vyake vimeanza kuwa na madoa ya rangi, toa. Kama bado, rudisha kifuniko, pepea makaa ya juu mara chache, uangalie tena baada ya dakika moja. Harufu ya makaa huingia kidogo ndani ya mkate, na hakuna mashine ya umeme itakayokupa hiyo.

Vya kutia ndani

Ya kwanza na ninayoipenda kuliko zote ni achari ya embe na cheddar. Chukua vipande vya achari, vikamue mafuta, vikate vidogo sana, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Ongeza kitunguu maji kilichokatwa chembamba hata uone kisu upande wa pili. Achari ya ndimu nayo ni kali zaidi, tumia nusu ya hiyo. Kama una chatne ya ukwaju, iwe nzito, nyepesi italowesha.

Mumbai kuna sandwichi ya barabarani yenye chatne ya kijani, viazi vya kuchemsha, bitiruti, tango na tungule, na wengine huibana kwenye kibanio cha chuma na kuichoma juu ya makaa. Kwa mtu wa Mombasa aliyekulia kwenye viazi karai, hiyo haihitaji maelezo mengi. Saga kotimiri, pilipili mbichi, thomu, bizari nyembamba, chumvi na ndimu bila maji. Paka chatne hiyo ndani ya slesi zote mbili, panga viazi vilivyobaki vikiwa vimekatwa vyembamba, tia jibini chini na juu. Kibanio kama huna, pika kwenye chuma cha chapati na uweke juu ya tosti sufuria ndogo yenye maji. Uzito huo unatosha kuibana.

Mahamri ya asubuhi yaliyobaki yanafaa kuliko unavyodhani. Kausha mbaazi za nazi motoni mpaka zisimame kwenye kijiko, ziponde kidogo, pasua hamri, tia mbaazi na cheddar kali. Kikaango kiwe kikavu, kwa kuwa hamri limeshakaangwa. Bonyeza kwa mwiko, dakika tatu kila upande. Iliki na sukari ya hamri hukutana na chumvi ya jibini, na nazi iko katikati. Mwenye shaka ajaribu mara moja. Chapati ya jana ni rahisi zaidi. Nusu yake itie jibini na kachumbari iliyokamuliwa kwa mkono mpaka ikauke, ikunje, ipashe. Samli usiongeze.

Samaki: jodari au nguru wa jana, wa kuchoma au wa kukaanga, umchambue miba vizuri. Changanya na mayonezi kijiko kimoja, ndimu, kitunguu na pilipili manga nyingi. Wamarekani hutumia jodari wa kopo kwa tosti ya aina hii. Wa kwetu ana nyama nzito na haoni haya mbele ya cheddar. Wa mchuzi asitiwe, ana maji.

Kima cha sambusa kikibaki, na Ramadhani hubaki, tengeneza hii. Waitaliano wa Napoli huweka mozzarella kati ya mikate isiyo na ganda, wakaichovya kwenye unga na yai na kuikaanga. Fanya hivyo hivyo, na kijiko cha kima kikavu kikae kati ya tabaka mbili za mozzarella. Bana kingo kwa vidole mpaka mikate ishikane, pitisha kwenye unga, chovya kwenye yai lililopigwa na chumvi, kaanga kwa mafuta ya kina cha kidole kimoja. Aliyekula mkate mayai, ule wa kima, ataijua ladha hii papo hapo. Kamulia ndimu wakati wa kula.

Kwa daku uchaguzi ubadilike. Cheddar kali na achari vina chumvi nyingi na mchana vitakuletea kiu, basi tumia mozzarella peke yake, yai la kuchemsha lililokatwa na tango lililochujwa maji. Itayarishe usiku bila kuipika, ifunge uiweke kwenye friji, alfajiri ni kuitia kikaangoni tu. Kwa kuwa itatoka baridi, moto uushushe zaidi na uifunike pande zote mbili.

Na ya mwisho ni tamu, ninayowapikia wakubwa watoto wakishaondoka. Paka samli nje, ndani weka gouda na ndizi mbivu ya kisukari iliyokatwa kwa urefu, nyunyiza iliki iliyotwangwa sasa hivi, chembe tu. Ndizi ina sukari na huungua ikigusa chuma, kwa hivyo isichungulie nje ya mkate. Ikiiva, ikate vipande vinne, tia matone ya asali juu, uipeleke barazani pamoja na kahawa tungu yenye tangawizi, isiyotiwa sukari.